Baba Yuko Fora

Wabera, Isiolo
3 Februari 2025

Wifi yangu Dokata,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mkwe wangu Tuye, pamoja na wale watoto wako wa chekechea wanaokula chaki. Huku sote ni wazima, alhamdulillahi. Mama yangu Asho magoti yanamsumbua, lakini mdomo uko sawa kabisa. Sadiya ametimiza miaka minne na sasa anakataa kuitwa mtoto. Ruweida amekuwa wa pili darasani, na angekuwa wa kwanza kama si mwalimu wa hesabu. Hayo ni maneno yake, si yangu. Maziwa uliyompa Dahir yalifika yakiwa yamechachuka vizuri, na hayakulala.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Nikiongea kwenye simu katika nyumba hii ya vyumba viwili, watoto wote wananisikia. Na wewe najua lazima upande kile kilima chenu kutafuta mtandao, na huko juu mnasimama nusu ya Biliqo mkisikilizana. Kwa hiyo nimerudia kalamu. Dahir anakuja huko na gari lake kila akipata mizigo, na hata akifungua bahasha, mwandiko wangu atauweza wapi?

Jambo lenyewe ni dogo. Kaka yako amesafiri. Watoto nimewaambia amekwenda fora na ng'ombe wa ami yake, kule mbali majani yalikobaki, na kwamba atarudi kiangazi kikiisha. Ruweida ana miaka tisa na ameridhika. Anajua wanaume huenda fora, anajua huko hakuna simu, na hata darasani wako wenzake ambao baba zao wako huko. Ninachokuomba ni hiki tu: mtu akikuuliza, sema hivyo hivyo. Boru yuko fora.

Usiniulize zaidi kwa sasa. Nikiwa tayari nitasema.

Kuna mzigo unakuja na barua hii. Ruweida amemfungia baba yake sukari, majani ya chai, sabuni na betri za tochi. Nilijaribu kumzuia, akaniambia kila mtu mwenye baba fora hutuma sukari. Fanya utakavyoona.

Msalimie mama mkwe, umwambie aniombee.

Wifi yako,
Hoda


Biliqo
22 Februari 2025

Hoda, mke wa kaka yangu,

Waaleikum salaam. Sisi tuko, na jua liko. Mama ameanza kulala mchana, ukimwamsha anasema alikuwa anafikiri. Mbuzi wamekonda, lakini wanatembea. Chekechea yangu inaendelea, juzi nilimuuliza mtoto mmoja ng'ombe ana miguu mingapi, akanijibu, "Wetu ama wa jirani?" Nikampa alama zote.

Barua nimeisoma mara mbili na mzigo nimeupokea. Sasa niseme kwa upole, kama ninavyosema na wale watoto wangu. Wewe ni mtoto wa mjini. Babu yako alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza, akavua viatu vya askari, akafungua duka la nguo. Kwa hiyo nakusamehe. Lakini ukitaka kumficha mwanamume wa Kiborana, mfiche popote isipokuwa fora. Fora ndiko ambako kila mtu anajua nani yuko na nani hayuko. Vijana wakija kuchukua unga wananieleza hata ng'ombe gani anachechemea. Halafu Boru? Boru ni dalali. Fimbo anashika sokoni tu, kumwonyesha mnunuzi mahali pa kuangalia. Mara ya mwisho alipopelekwa kuchunga alirudi jioni bila ndama, na ndama akarudi kabla yake.

Mama aliniuliza Boru yuko fora gani. Nikamwambia ile ya mbali. Aliniangalia, akaendelea kusukuma tasbihi yake.

Watu wanaotoka soko la Isiolo wana macho, wifi, na wana midomo. Walichoniambia sitakiandika mpaka wewe uandike kwanza. Ni mume wako, neno la kwanza ni lako. Niambie mawili tu: anakula? Analala chini ya paa?

Mzigo wa Ruweida umeandikwa "Kwa Aba, Fora" kwa kalamu nyekundu. Ndani kuna kikaratasi: "Aba, usilale karibu na simba. Mvua ikinyesha nitakuja kukungoja barabarani." Sijui kama ulikiona. Mimi nilikiona na chai ikanipoa mkononi. Huyu mtoto kwake fora ina mwisho, Hoda, na mwisho wake ni mvua.

Nakutumia samli kidogo na maziwa. Mwambie Ruweida ni ya shangazi. Sitasema ni ya baba yake.

Dokata


Wabera, Isiolo
17 Machi 2025

Wifi yangu mpendwa,

Ramadhani karim kwenu nyote. Tumefika katikati ya mwezi, na sambusa za mama bado zinagombaniwa na jirani wote. Sadiya naye anafunga. Anafunga hadi saa nne asubuhi, anafungua, anakula, halafu anafunga tena. Anasema hivyo atatushinda sote kwa hesabu. Samli yako imekuja wakati wake. Mungu akuzidishie.

Anakula. Analala chini ya paa.

Yuko katika kituo upande wa Meru, nyumba ya watu walioshikwa na ile kitu na wanataka kuachana nayo. Rafiki yake Mahamud, yule wa malori, ndiye aliyempeleka. Huko simu haziruhusiwi hadi mtu amalize muda wake. Nimepewa habari mara moja tu, kwamba ametulia na ameanza kunenepa.

Ilikuwa hivi. Shule zilipofunguliwa Januari kulikuwa na mkutano wa wazazi. Mimi nilibaki nyumbani na mama na Sadiya, kwa hiyo Boru alikwenda peke yake, na alikwenda akiwa vile alivyo siku hizo. Mwalimu ndiye aliyenisimulia. Alikaa kwenye dawati la watoto, akainuka kutoa shukrani kwa niaba ya wazazi, na shukrani hazikuisha. Alianguka katikati ya madawati. Watoto walikuwa wamejaa dirishani wakicheka. Ruweida aliingia, akamshika mkono, akamwambia mwalimu, "Aba ana malaria," akamwongoza kutoka. Walipita Wabera yote hivyo, mchana, mtoto mbele na baba nyuma. Alipofika nyumbani aliniambia nami, "Hooyo, aba ana malaria." Nikasema pole, nikamfunika Boru blanketi. Maskini mtoto aliamini ni malaria, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo. Boru alipozinduka aliambiwa yaliyotokea. Hakubisha. Alisema, "Nipelekeni."

Kuna mama mmoja wa Kimeru anaitwa Kinya. Kila Jumamosi kule Burat anakaa na familia zenye mtu kama wangu, chumba kimoja wakubwa, kingine watoto. Mimi huenda na buibui langu nikakaa nyuma karibu na mlango, mfano wa mtu asiyealikwa. Kinya anacheka sana na haogopi neno lolote. Ameniambia nimwambie Ruweida ukweli na nimlete. Amesema, "Usipomwambia atatunga yake, na yake itakuwa mbaya kuliko ya kweli."

Sijakubali. Nitoe neno hilo mbele ya mtoto mwezi huu mtukufu? Mama yangu pia amekataa kabisa. Amesema tiba ya jambo hili ni dua. Alhamisi iliyopita aliwaita kina mama wa mtaa, wakaja wakasoma Yasin kwa ajili ya Boru, nyumba ikajaa hadi uani. Ruweida aliwapitishia tende na chai kwa adabu nikajivunia.

Nina ombi moja. Mwandikie mistari miwili tu, kana kwamba imetoka kwa baba yake. Useme ng'ombe ni wazima na simba wako mbali. Wewe ni mwalimu, unajua kuandika kama mtu mwingine. Itamtuliza hadi Boru arudi, naye akirudi mambo yote yatakuwa yamekwisha bila mtu kusema kitu.

Wako,
Hoda


Biliqo
5 Aprili 2025

Hoda,

Idd mubarak, ingawa imepoa. Tulikula vizuri, mama akavaa lile dera ulilomshonea na hajalivua mpaka leo.

Nashukuru kwamba umeniambia. Nilikuwa najua, lakini kuambiwa na wewe ni tofauti. Usiku barua ilipofika mama aliomba dua ndefu na mimi nikalia kidogo, halafu nikalala.

Sitaandika barua ya Boru. Naweza, mwandiko wake ninao, nilimfanyia kazi zake za shule zote. Lakini sitaandika, na si ukaidi. Mvua imenyesha huku, wifi. Imenyesha siku na siku. Majani yametoka hata mbele ya mlango wa chekechea, na fora zimeanza kurudi. Kundi la kwanza limeingia juzi, watoto wakakimbia hadi kule kwenye maji kuwapokea baba zao. Nilisimama nikamwona Ruweida kati yao, ingawa hayupo.

Mwambie. Usingoje Boru. Ukimaliza kusoma hapa, weka karatasi chini na umwambie.

Lagga, ule mto wetu wa msimu, imejaa. Namwona Dahir ng'ambo amekaa chini ya gari lake anakunywa chai kama mtu wa likizo. Barua hii itavuka maji yatakapotaka.

Dokata


Wabera, Isiolo
21 Aprili 2025

Wifi yangu Dokata,

Salaam nyingi kwako na kwa mama mkwe. Magoti ya mama yamezidi kwa sababu ya baridi ya mvua, Sadiya amemeguka jino la mbele na anataka kila mgeni aliangalie. Barua yako ya tarehe tano imenifikia jana, imelowa upande mmoja. Imechelewa. Ngoja nikueleze.

Mvua ilifika Isiolo watoto wakiwa wamefunga shule. Asubuhi ya kwanza Ruweida alifagia uani kwenye matope, akafua kikoi cha baba yake, akaniambia sasa ni wakati. Nikamjibu fora ya baba ni ya mbali sana, wengine watatangulia. Nilidhani nimeshinda. Kumbe kila siku niliyomtuma dukani alipitia kule karibu na soko la mifugo, wachungaji wanakokunywa chai wakija mjini, akawauliza mmoja mmoja kama wamemwona Boru wa Biliqo, dalali, mrefu, ana kovu kidevuni. Mzee mmoja, Mungu ambariki hakuwa na ubaya, akamjibu vizuri kabisa: fora zote za upande huo zimerudi, na hakuna hata moja iliyokuwa na Boru wa namna hiyo.

Alirudi nyumbani akakunja kile kikoi akakiweka. Chakula chake alianza kumsogezea Sadiya. Nilidhani anaumwa, nikamnunulia dawa ya malaria. Malaria tena, wifi. Nyumba hii kila kitu kilikuwa malaria.

Ijumaa tulikuwa tunaanika nguo, mimi upande huu wa shuka na yeye upande ule. Akaniuliza bila kunichungulia, "Hooyo, aba walimzika wapi?"

Nilishindwa kuelewa lugha aliyosema. Nikazunguka lile shuka. Alikuwa ameshika vibanio mkononi, hata halii. Na akaanza kunieleza, polepole, kama mtu anayemsaidia mkubwa kukubali. Alisema yeye si mtoto mdogo. Alisema mjomba Abass alipofariki, watoto wake waliambiwa yuko safari hadi wazee walipofika kutoka Garba Tulla. Kwetu ndivyo tunavyofanya, unajua, msiba hauambiwi mtoto ghafla. Halafu baba yake naye akawa safari. Halafu barua zikawa zinakwenda na kuja na Dahir na hakuna anayezisoma kwa sauti. Halafu bibi yake akawaita kina mama wakasoma Yasin, na yeye mwenyewe akawapitishia tende. Yasin nyumbani kwetu ameisikia kwa nani, kama si kwa maiti? Alikuwa anangoja mvua tu ndio awe na hakika.

Mtoto wangu alikuwa amekaa matanga peke yake, Dokata, na mimi niko chumba cha pili nashona madera.

Nikakaa kwenye ile ndoo nikamvuta. Nikamwambia baba yake hajafa. Nikamwambia hakwenda fora, hata siku moja, mimi ndiye niliyesema uongo. Halafu nikasema lile neno. Nilisema, "Aba anakunywa pombe. Pombe imemshinda, sasa yuko mahali wanamsaidia aache." Ona, nimeliandika hapa pia na mkono haujakauka.

Akasema, "Hiyo najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Pombe najua. Chupa zake nilikuwa naweka nyuma ya tangi ya maji ndio usizione. Nilidhani ni wewe hujui, hooyo."

Na malaria? Malaria aliitunga yeye, pale pale shuleni, kwa ajili ya mwalimu, halafu akaniletea mimi nyumbani ili nisihuzunike. Nami nikamfunika Boru blanketi kwa ajili yake. Vyumba viwili, wifi, na kila mmoja anamlinda mwenzake asijue kitu ambacho wote wawili wanakijua. Nilicheka na kulia kwa pamoja hadi mama akatoka na fimbo yake akidhani kuna nyoka. Halafu Ruweida akasema ana njaa. Alikula ugali wake, akala wa Sadiya, akauliza kama kuna chapati.

Jumamosi nilimpeleka Burat. Hakutaka kuniachia mkono mlangoni, lakini ndani akamwona msichana wa darasa lake mwenyewe, yule anayekaa dawati la mbele, ambaye mama yake ndiye mgonjwa. Walitazamana, wakaanza kucheka, wakaenda kukaa pamoja. Kinya huwaambia watoto mambo yale yale kila wiki, kwamba ugonjwa wa mzazi hawakuuleta wao na si kazi yao kuuondoa. Ruweida aliinua mkono akauliza, "Na chupa?" Kinya akamjibu chupa ni kazi ya wakubwa, yeye asiziguse tena, akiziona aseme. Nilimsikia mtoto wangu kutoka chumba kile kingine. Alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mtungi.

Nisamehe kwa kukuomba uandike ile barua. Umefanya vizuri kukataa.

Hoda


Biliqo
6 Mei 2025

Hoda wangu,

Waaleikum salaam na furaha tele. Huku kila kiumbe kimeshiba. Mbuzi wamenenepa, watoto wa chekechea wanakuja na midomo myeupe ya maziwa na wanasinzia kabla sijafungua kitabu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mbele ya darasa, ikabidi niwaambie watoto wachore ng'ombe hadi nimalize. Nilipofika kwenye Yasin nilitoka nje. Ningekuwa hapo ningembeba mgongoni, ingawa ni mkubwa. Na neno nimeliona. Umeliandika kwa herufi nzuri.

Mama nimemwambia. Nilianza mbali sana, nikapitia ukame na bei ya mbuzi, akanikata: "Dokata, sema pombe tuendelee." Alikuwa akiitaja pombe kwa jina lake kwenye dua zake tangu Februari. Kwa hiyo nadhani wa mwisho kujua kwamba sisi tunajua alikuwa ni wewe.

Sukari ya Ruweida nimewapa vijana wa fora waliorudi. Wamekunywa chai wakamwombea dua, sasa ana wachungaji wengi wanaomjua kwa jina.

Boru nimemkasirikia, sitaficha. Nilimwandikia kurasa nzima nikazichana. Nampenda pia, ni kaka yangu mmoja. Mama anataka kuchinja mbuzi siku akirudi. Nimemkataza. Nimemwambia aje akae kwanza kama watu, mbuzi haendi popote.

Swali moja la mwalimu wa chekechea: Boru anajua kwamba mtoto anajua?

Likizo ya Agosti niletee Ruweida. Nina kazi naye, afundishe watoto wangu kuuliza maswali.

Dokata


Wabera, Isiolo
10 Juni 2025

Wifi yangu,

Idd imepita salama na nyama bado iko kwenye jirani zetu, kwetu imekwisha. Mama anakusalimu, amepewa dawa ya kupaka magoti na sasa nyumba nzima inanukia. Sadiya amesema naye atakuja Biliqo Agosti, mumwekee mbuzi asiyeuma.

Umenichelewesha kujibu kwa sababu ya lile swali lako. Boru hakuwa akijua. Kituoni simu hazikuruhusiwa, na siku ya kutoka Mahamud ndiye aliyekwenda kumchukua, mimi nikabaki kupika. Nilipanga nimnong'oneze mlangoni, lakini mlangoni walikuwa jirani wote. Na jirani zetu ni watu wema, walimpokea kwa "karibu kutoka fora, Boru," mmoja baada ya mwingine, wakijua wazi kwamba mtu hatoki fora na mashati yaliyopigwa pasi. Akaitikia, masikini. Akaingia, akakaa, akapewa chai. Jirani walipoondoka akakohoa, akamtazama Ruweida, akaanza hadithi yake. Alikuwa ameitayarisha, wifi. Alikuwa na majani, na kisima kilichokauka, na simba aliyekuja karibu na zizi.

Ruweida alimsikiliza hadi kwa simba. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Aba, mimi najua. Kunywa chai."

Sijawahi kumwona kaka yako akilia, hata kwenye msiba wa Abass hakulia. Siku hiyo alilia kikombe mkononi, na mtoto akakaa karibu naye akangoja amalize. Halafu wakazungumza wenyewe. Sikuingilia, nilikuwa na sufuria motoni.

Sitakuambia amepona, Kinya ametukataza kutumia neno hilo haraka. Anakwenda sokoni asubuhi na kurudi adhuhuri, lile kundi lake la madalali waliokuwa wakisherehekea kila ng'ombe aliyeuzwa amewaacha, na Jumamosi tunakwenda Burat wote wanne. Mimi nimehama kutoka mlangoni, sasa nakaa safu ya katikati. Kuna siku anakuwa mkali bila sababu, anatembea uani huku na huku. Siku hizo tunaziita kwa jina lake, siku za kiu, na zinapita. Nina furaha, Dokata. Naandika hivyo bila kugonga mbao wala kuogopa jicho.

Jambo la mwisho, ndio nikuache. Wiki iliyopita Boru alichelewa sokoni. Adhuhuri ikapita, alasiri ikasomwa, hajaonekana. Ruweida alikuwa kibarazani anafanya hesabu za shule. Zamani saa kama hiyo angekuwa ameshamwingiza Sadiya ndani, ameondoa viatu njiani baba asijikwae, amekaa karibu na tangi. Sasa alikaa tu, lakini niliona kalamu haisogei. Boru alipoingia, akainua kichwa.

"Aba, umekunywa?"

Hivyo hivyo, mbele ya mlango wazi. Boru alisimama, akavua kofia, akakaa kwenye ngazi.

"Sijakunywa," akasema. "Leo nilitamani sana. Nikapita kwa Mahamud, nikakaa naye pale kwenye malori mpaka—"

Ruweida alikuwa amekwisha kufunga daftari. Alimruka baba yake pale kwenye ngazi, akatoka mbio kwa wenzake waliokuwa wakiruka kamba njiani.

Boru akanigeukia. Alionekana kuumia kidogo. Akasema mtoto hata hakumngoja amalize. Nikamwambia mtoto amepata alichouliza, hayo mengine ni ya kwangu, anieleze mimi. Akanieleza. Huko nje tukasikia ugomvi umeanza, na sauti ya Ruweida iko juu ya zote: kwamba ameruka wa nne kila siku, kwamba leo anaanza yeye, na asiyetaka aende kwao. Jirani wakachungulia. Boru akainuka, anataka kwenda kumnyamazisha.

Nikamshika shati. Nikamwambia, "Kaa. Mwache adai zamu yake."

Tukakaa pale ngazini tukimsikiliza hadi maghrib. Alianza yeye, wifi, na hakumpa mtu kamba.

Mke wa kaka yako,
Hoda